Mashine ya Midomo Mbili

Ukiona Koko Mukankusi leo, kitu ya kwanza utaona ni ile alama chini ya kidevu yake. Ndogo tu, kama mutu alipitisha kalamu. Koko, njo vile twaita bibi huku kwetu, na yeye ni Koko wa mutaa muzima. Watu wanafikiria ile alama ni ya vita. Mi pia nilifikiria ni ya vita! Kumbe hapana. Ni kahawa ilimupiga. Kahawa, jamani! Siku ile aliniambia nilicheka mupaka nikakaa chini, halafu akaendelea kuniambia yote, na kicheko ikaniishia polepole.

Bon. Mwaka ilikuwa 1999. Koko alikuwa na miaka arobaini na moja, na alikuwa anatumika ku hoteli moja pembeni ya ziwa, hapa hapa Gisenyi. Kazi yake ilikuwa chai na kahawa. Asubuhi mapema anachemsha maji mu sufuria kubwa, anatia kahawa yenye ametwanga na kinu, anaacha itulie, anapitisha mu kitambaa, anajaza termosi tatu. Bas. Mupaka jioni watu wanakunywa hiyo. Ikifika saa tisa kahawa iko na ladha ya termosi, lakini nani atasema kitu? Wageni walikuwa wachache. Vita ilikuwa imetupitia, na muji ilikuwa inatembea polepole kama mugonjwa mwenye ametoka tu ku kitanda.

Na yeye mwenyewe hakuwa na mutu. Alizaliwa ku Minova, ng'ambo ya ziwa, upande ya Congo, mu familia ya Wanyarwanda wa kule. Bwana yake alikufa na malaria. Mutoto hakupata. Alibakia na mudogo wake moja, Umurerwa. 1996 vita ilipoingia, walikimbia pamoja, mukono mu mukono, mu barabara yenye ilijaa watu na mbuzi na magodoro. Watu wakasukumana. Mikono ikaachana. Njo hivyo tu, Koko anasema, hakuna hadisi ingine: mikono ikaachana. Yeye akatokea huku. Umurerwa, hakuna mwenye alijua alitokea wapi.

Hoteli ilimupa chumba nyuma ya bar, na dirisha ndogo yenye inaangalia maji. Jioni anapika viazi ya watu wawili, juu mikono yake ilizoea hivyo. Anakula nusu. Ile nusu ingine anaikula asubuhi, baridi, amesimama. Kuna siku ilikuwa inapita bila mutu kumuambia kitu isipokuwa "chai mbili" na "wapi sukari."

Sasa wazieni: wakati ile hakuna simu mu mufuko ya mutu. Hakuna kutuma sauti, hakuna kuona kama mutu amesoma. Ukitaka kutuma habari, unaitia mu mudomo ya mutu mwenye anasafiri. Koko alipata mudomo ya Saidati. Saidati alikuwa mama wa biashara, anavuka petite barrière, ule mupaka wa miguu wa kuingia Goma, kila asubuhi na vitunguu, anarudia jioni na vitenge. Mama yake alikuwa Muislamu wa Goma, baba yake Mukatoliki wa hapa, donc ku Pasaka anakula huku na ku Idi anakula kule, na pande zote mbili anajua watu.

"Saidati, dada yangu," Mukankusi akamuambia, "ukifika soko, uliza watu wa Minova. Ukisikia jina Umurerwa, muambie niko hai, niko Gisenyi."

"Gisenyi wapi? Nimuambie atafute mulango wa nani?"

"Muambie hoteli yenye iko na ndege ya shaba mu bar."

Saidati akapiga mikono. "Weh! Watu wote wanatoa jina ya barabara, we unatoa jina ya ndege?"

"Jina ya hoteli watabadilisha. Watu watasahau. Lakini mutu akisikia ndege ya shaba iko mu bar, atasahau namna gani?"

Na kweli, ile ndege ilikuwako. Ilikuwa imesimama juu ya mashine moja kubwa ya zamani, ya shaba na chuma, na mukono murefu mbele kama ya pompe ya maji. Wakati ya vita watu waliiba viti, wakaiba robine za maji, wakaiba hata milango ya choo. Ile mashine waliiacha. Ilikuwa nzito, na hakuna mwizi mwenye alijua inafanya nini. Mukankusi pia hakujua. Aliifunika na kitambaa ya meza, na kila Jumamosi anapanguza ndege.

Saidati akabeba ile habari. Ikatoka Goma, ikaenda Sake, ikashuka mupaka ku soko ya Minova, mudomo ku mudomo: ndege ya shaba, ndege ya shaba. Na habari yenye imetoka hivyo hauwezi kuifuta. Mukumbuke hiyo.

Bon, akakuja patron mupya wa hoteli, Kabera. Kabera alikuwa ametoka Tanzania, Karagwe, na Kiswahili yake ilikuwa imenyooka kama suruali ya harusi. Siku ya kwanza akafunua kitambaa.

"Mama Mukankusi, mashine hii inafanya kazi gani?"

"Inakalisha ndege, patron."

Kabera hakucheka. Aliijua kidogo. Akasema hii ni mashine ya espresso, na wageni wa maofisi wanaiulizia kila wiki, na aibu gani hii kuifunika kama maiti. Akaita Narcisse, fundi wa pikipiki. Narcisse akaifungua siku tatu, akakata mupira ya tairi akafanya pete za kuzuia maji, akaunga umeme. Siku ya ine mashine ikapumua, fyuuu, na taa za bar zikapungua. Narcisse akapanguza mikono.

"Mi nimeipatia roho," akasema. "Kuifundisha kupika, hiyo muite mutu mwingine."

Mutu mwingine ni nani? Mukankusi, si njo yeye wa kahawa! Kabera akamuonyesha pale anajua: unatia kahawa mu kijiko hii kubwa ya chuma, unaifunga hapa chini, unavuta mukono, unauachilia, unarudi wenyewe polepole na kusukuma maji. Kahawa inatoka huku chini. Ile kijiko ilikuwa na midomo mbili, donc inajaza vikombe mbili mara moja.

Na mutu wa kuionja alikuwa tayari. Muzee Donat. Huyu alikuwa karani ku ofisi ya komini, murefu, na mwavuli hata siku ya jua. Wakati ya ujana alisoma miaka ine Roma, alitaka kuwa padri, halafu akaacha. Watu wa nyumba yake hawakuwako tena tangu 1994. Hiyo kila mutu alijua na hakuna mwenye alimuuliza. Kila siku saa kumi anaingia, anakaa ku meza ya dirisha, anakunywa kahawa ya termosi na uso ya mutu mwenye anakunywa dawa, anatoka. Kabera alisema: yule amekunywa espresso huko huko inakotoka. Yule ndiye atakayetuambia.

Na hapa Koko akafanya kosa yenye mama yeyote wa kwetu angefanya.

Alitia kahawa yake ya kinu. Akafunga. Akavuta mukono. Ikatoka kidogo, kidogo kabisa, chini ya kikombe. Akaangalia. Sasa, nyie munajua. Kwetu, mugeni haumupe kikombe nusu. Kikombe nusu ni kumuambia mutu simama uende. Donc akabadilisha, akaweka kikombe kubwa ya chai, ile ya maua, na akavuta mukono tena. Na tena. Juu ya kahawa ile ile! Mara sita, mupaka kikombe ikajaa na ikamwangika ku sahani. Akaibeba na mikono mbili, amefurahi kabisa.

Muzee Donat akakunywa mara moja. Akaweka chini.

"Mama," akasema polepole, "asante. Naona mashine imeoshwa vizuri."

Watu wakapasuka na kicheko. Hata mupishi alitoka jikoni kuuliza nini. Mukankusi akashika sinia ku kifua na hakujua aangalie wapi.

Jioni Kabera akamuita. Hakuwa mubaya, Koko anasema, alikuwa mutu wa hesabu ya haraka tu. Kuna tajiri wa Kigali anaitaka ile mashine.

"Jumapili Mzee Donat atakunywa tena," Kabera akasema. "Akisema sawa, mashine inabaki. Akisema si sawa, Jumatatu gari linakuja kuichukua. Na kile chumba cha nyuma nitakifanya stoo, Mama. Termosi mpishi ataziweza."

Mukankusi akarudi ku chumba akakaa ku kitanda. Hakulia juu ya kazi. Kazi, anasema, angepata ingine, hata kulima viazi ya watu ku Mudende. Alikuwa anawaza ile ndege. Ndege itapanda mu gari iende Kigali. Na huko ng'ambo, mu soko, watu wako wanasema ndege ya shaba, ndege ya shaba. Siku moja Umurerwa atasikia. Atavuka. Ataingia mu hii bar na ataona ukuta.

Alikuwa na siku sita.

Kesho yake saa kumi, akapelekea Muzee Donat termosi, halafu akabaki amesimama. Hajawahi kufanya hivyo.

"Muzee, ile espresso ulikunywaka kule, wanaifanya namna gani?"

"Mi nilikuwa mwenye kukunywa, Mama. Sikuwa nyuma ya mashine."

"Na macho haukuwa nayo?"

Muzee akamuangalia. Halafu akatoa kicheko ndogo, kama mulango yenye haijafunguliwa siku mingi. "Nilikuwa nayo. Kikombe ni ndogo, kama ya kupimia mutoto dawa. Juu iko povu, rangi ya asali. Ukitia sukari, inakaa kwanza juu ya povu, inawaza, halafu inazama. Na inatoka polepole, nyembamba, kama mukia ya panya."

"Na kahawa yake inatoka miti ya wazungu?"

"Hapana! Kahawa ya Roma inatoka huku, Mama. Mu hii milima. Inapanda meli mu magunia."

Koko anasema hapo alishangaa. Juu alikuwa anafikiria, na patron pia alifikiria, kwamba espresso ni kahawa ingine, aina ingine ya muti. Kumbe ni ile ile! Ile ku Minova alikuwa anachuma tangu akiwa mutoto wa miaka tano, anaanika, anabeba ku kichwa mupaka ku munuzi. Na hajawahi kuikunywa. Kwao walikuwa wanakunywa chai na maziwa. Kahawa ilikuwa ya kupeleka.

Donc kama ni ile ile, shida iko ku mikono.

Akaanza kujaribu wakati bar iko tupu, na bar ilikuwa tupu sana. Kahawa ya kinu ilikuwa mawe-mawe, maji ilikuwa inapita kama mvua mu changarawe. Siku moja akatia kidogo tu, ili asiharibu, akavuta mukono mupaka chini, akauachilia. Na mukono haukupata kitu ya kuuzuia. Ukaruka juu, pah! Ukamukuta ku kidevu. Damu ku blouse, ndege inamuangalia. Njo ile alama! Hakuna mutu alikuwako wa kumuambia pole, akajiambia pole yeye mwenyewe, na sauti, halafu akaona aibu mbele ya mashine.

Akaenda kwa mama mumoja jirani, Nyirarukundo, akaazima jiwe ya kusagia mutama. Nyirarukundo akauliza, "Umeanza kupika bugali ya kahawa?" Mukankusi akapiga magoti, akasaga mupaka kahawa ikawa laini kama unga wa mutoto. Akajaza kijiko, akakandamiza na chini ya chupa, na nguvu yake yote. Akavuta mukono. Hii mara mukono ukabaki chini kabisa, haupande. Hakuna kitu ilitoka. Tone moja. Akangoja. Tone ingine, nyeusi kama mafuta ya gari. Akaionja na kidole na macho ikamutoka.

Kisha ikawa Alhamisi, na alikuwa ameketi anamenya viazi yake ya watu wawili, akakumbuka mama yake.

Mama yake alikuwa anakamua ndizi. Ndizi zimeiva, munazichanganya na majani makali, munakanda na mikono mupaka juisi inatoka. Ile ya kwanza inatoka yenyewe, nzito, tamu, bila maji. Hiyo ni ya mugeni na ya wazee, na wanaitia mu kibuyu ndogo. Hakuna mugeni alishaka lalamika kibuyu ndogo! Halafu mama anatia maji mu makapi, anakamua tena. Hiyo ni ya watoto. Yeye na Umurerwa walikuwa wanapigania ile ya maji, walifikiria ni kinywaji kubwa juu ni mingi.

Akaacha kisu. Njo hivyo! Espresso ni ile ya kwanza. Alikuwa amemupa Muzee Donat ile ya watoto.

Mi nilimuomba anielezee muzuri, juu nilikuwa nafikiria espresso ni kahawa kali tu, bas. Akasema hapana, we mutoto, sikiliza. Kahawa ya sufuria, maji na kahawa wanakaa pamoja, hawana haraka, dakika mingi, maji inachukua kidogo kidogo, halafu unachuja. Ni kama watu wanaongea mu kivuli. Ni muzuri, na inajaza kikombe. Lakini espresso ni kama petite barrière asubuhi saa ya kufungua: watu mingi, mulango nyembamba, nguvu nyuma. Maji inasukumwa mu kahawa laini yenye imeshikamana, nusu dakika tu, na yenye inapita ya kwanza inatoka na kila kitu: mafuta, harufu, povu. Ukiendelea kusukuma, inabaki uchungu na maji. Donc kazi yote ni kujua kuacha.

Kujua kuacha! Yeye mwenye alikuwa hajui hata kupika viazi ya mutu moja.

Ijumaa na Jumamosi akatafuta katikati: si mawe, si unga. Kama chumvi laini ya jikoni, anasema. Na kila mara mashine ilikuwa inajaza vikombe mbili, moja huku, moja huku. Alijaribu kuziba mudomo moja na kitambaa, kahawa ikamrukia ku mukono. Ile mashine haijui mutu moja. Akawa anakunywa yeye mwenyewe, huku na huku. Njo hivyo alionja kahawa mara ya kwanza mu maisha yake, na miaka arobaini na moja, amesimama peke yake mu bar. Alisema ilimufanya awaze moshi, na ngozi ya machungwa, na mukono ya mama yake. Jumamosi jioni povu ikatoka rangi ya asali. Akatafuta mutu wa kumuonyesha. Mupishi alikuwa ameenda. Akaionyesha ndege.

Jumapili watu walitoka ku misa na familia zao, nguo nyeupe, watoto wanavutwa mikono. Muzee Donat akaingia saa kumi, mwavuli, meza ya dirisha. Kabera akasimama nyuma yake na mikono mu mufuko.

Mukankusi akafunga kijiko. Akavuta mukono na mikono mbili, kidevu mbali! Akangoja. Ikaanza: mukia ya panya, mbili, moja huku moja huku. Akahesabu polepole. Na wakati ikaanza kuwa nyeupe, akatoa vikombe. Kitu ndogo, nusu ya nusu. Mikono yake ilikuwa inamuuma kutaka kujaza. Hakujaza.

Akabeba vikombe zote mbili ku sinia. Akafika ku meza, akaweka moja mbele ya Muzee. Ile ingine akaichukua na, amesimama, akaikunywa.

"Mama!" Kabera akasema. "Unakunywa kahawa mbele ya mgeni?"

"Patron, naonja," akasema. "Kwetu mutu hapewe kitu mwenye kutoa hajaonja."

Mu hii inchi yetu ni hivyo tangu zamani, pombe au maziwa, mwenye kukupatia anakunywa kwanza mbele yako, ili ujue hakuna ubaya ndani. Kabera aliishi mbali, labda alisahau. Lakini Muzee Donat aliinua mukono kama mwalimu.

"Muache."

Alikuwa anaangalia kile kikombe tupu mu mukono ya Mukankusi. Macho yake ikawa na maji, akatoa kitambaa, akajifanya anapanguza miwani.

"Ni miaka tano," akasema, "mutu hajaonja mbele yangu."

Akatia sukari. Ikakaa juu ya povu, ikawaza, ikazama. Akakunywa mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, ikaisha. Kabera alikuwa anapumua kama mutu mwenye amepanda mulima.

"Mwisho yake iko uchungu kidogo," Muzee akasema. "Kesho uiache mapema."

"Kwa hiyo, Mzee, ni sawa au si sawa?"

"Patron," Muzee Donat akasema, akachukua mwavuli, "nimesema kesho."

Na gari ya Kigali haikukuja!

Mi ningeishia hapo, nawaambia ukweli. Lakini Koko alisema hapana, ukiandika andika yote.

Kila siku saa kumi ikawa vikombe mbili. Anaonja, muzee anakunywa. Hawakuwa wanaongea sana. Siku ingine "leo mvua," siku ingine "leo umesaga muzuri." Dakika tano, labda. Koko anasema siku yake yote ilikuwa inatembea kuelekea hiyo dakika tano. Halafu ku mwezi ya kumi ofisi ikamutuma Muzee Donat Kibuye. Alikuja kuaga, akashika kikombe na mikono mbili kama kibuyu. Hakurudi tena.

Mashine ikaendelea na midomo yake mbili. Wageni wengine walikuwa wanakunywa moja, wanaenda. Ile ya pili ilikuwa inabaki. Mukankusi alikuwa anaiweka ku dirisha ya chumba yake, upande ya maji, mupaka inapoa.

Mwezi ya kumi na mbili, siku moja mu mchana, mwanamuke akasimama ku mulango ya bar. Viatu mu mukono, kitenge ya vumbi, nyuma yake Saidati anacheka na kulia pamoja.

"Samahani," yule mwanamuke akasema. "Hapa njo kwenye ndege ya shaba?"

Alikuwa ameuliza hoteli tatu. Zote zilimucheka, mupaka Saidati akamukuta mu barabara.

Mukankusi alitoka nyuma ya mashine na sinia bado ku mukono, na sinia ikaanguka, na hakuna mwenye aliisikia. "Yaya," Umurerwa alikuwa anasema, njo vile twaita dada mukubwa, "Yaya, Yaya," na walishikana mikono, mikono kwanza, na nguvu ya kuumiza.

Halafu akamukalisha ku meza ya dirisha. Meza ya Muzee Donat! Akamutengenezea ile muzuri kabisa, povu ya asali, mukia ya panya. Akaonja yake. Akamupa. Umurerwa akaangalia mu kikombe. Akainua macho, akaangalia kama kuna ingine inakuja.

"Yaya," akasema polepole, "mu hii hoteli wanakunyima?"

Saidati akaangua kicheko.

"Hapana, iko hivyo. Onja."

Umurerwa akaonja. Uso ikajikunja kama mutoto. "Eeh! Yaya! Na miaka yote nakutafuta, unanipatia hii? Kidogo hivi, na chungu hivi? Umekuwa mubahili!"

Mukankusi akamuangalia. Halafu akaenda, akachukua kikombe kubwa ya maua. Akaiweka chini ya mashine. Akavuta mukono, na akavuta tena, na tena, juu ya kahawa ile ile, mara sita, mupaka ikajaa na ikamwangika ku sahani. Alijua kabisa anafanya nini. Akatia maziwa, akatia sukari ine. Akaonja. Ilikuwa mubaya sana, anasema, ilikuwa ile ya watoto. Akaibeba na mikono mbili.

Umurerwa akakunywa yote. "Sasa njo kinywaji," akasema.

Alibaki siku tatu. Viazi ya watu wawili ikaliwa ikaisha. Lakini ku Minova alikuwa na bwana mwenye alimuoa nyuma ya ile kukimbia, na watoto watano, ine wa bwana, na wake moja alikuwa bado ananyonya, amemuachia jirani. Siku ya ine asubuhi Saidati akakuja kumuchukua.

"Yaya, twende wote. Nyumba iko."

Mukankusi akaangalia bar, mashine, dirisha. "Vita ikirudia tena," akasema, "na mikono ikiachana tena, we utanitafuta wapi? Mi nibaki hapa kwenye unajua."

Umurerwa alilia, lakini hakubisha. Koko aliwasindikiza mupaka ku barrière, akarudia na miguu, pembeni ya maji. Akaosha vikombe. Ile ya maua hakuiosha siku hiyo.

Saa kumi ikafika, bar ilikuwa tupu. Akasaga, akafunga, akavuta mukono na akaacha pale pa kuacha. Moja huku, moja huku. Akaonja ya kwanza. Ilikuwa muzuri kuliko zote alishaka fanya, anasema, hata mwisho yake haikuwa na uchungu, na aligeuka kumuambia mutu.